Eda Ndani ya Lori

Tangu tutoke Nairobi nilikuwa nimekasirika, na ninalisema mapema ili mtu asije akanidhania mpole. Nilimkasirikia mdogo wangu Abdiqani, ambaye huendesha lori lenye mama ndani kama lililobeba mawe. Nilimkasirikia mwenye uwanja tuliokuwa tumeegesha, aliyetuambia tuondoke wakati udongo wa kaburi la baba bado haujakauka. Na zaidi ya wote nilimkasirikia mama, ingawa kumkasirikia mama aliyefiwa ni aibu ambayo hata mwenyewe sikupenda kuitaja.

Mama yetu, Ramlo, alikuwa katika eda. Mjane wa Kiislamu hukaa nyumbani kwake miezi minne na siku kumi baada ya kifo cha mumewe. Hatoki bila dharura, hajipambi, hajitii manukato. Kwetu sisi Wasomali huvaa nguo nyeupe tangu kichwani hadi miguuni, tunaziita asay, na kila anayemwona anajua na kumpa heshima yake. Hayo hayakuwa na ubishi. Ubishi wetu ulikuwa juu ya nyumba.

Baba, Kerrow, alikuwa dereva wa malori ya mifugo. Alibeba ng'ombe na mbuzi kutoka Griftu na Eldas hadi Nairobi mpaka mgongo ukamkataa. Alipostaafu, wenzake walijenga nyumba za kupangisha. Yeye alichukua lori lake kuukuu, akang'oa zizi la nyuma, akajenga chumba cha mbao na mabati: kitanda, jiko la gesi, tangi la maji juu ya paa, madirisha mawili yenye mapazia niliyoshona mimi. Wakahamia humo, yeye na mama, moja kwa moja. Mwezi huu wako Isiolo, mwezi ujao Thika, na wakisikia mvua imenyesha Wajir wanaifuata. "Babu yenu alihamisha nyumba kwa ngamia," alikuwa akitucheka, "mimi nahamisha kwa dizeli."

Alipofariki nilimwambia mama aje kwangu Eastleigh, kuna chumba kizima na bafu lake. Aliniangalia kana kwamba nimemwambia akacheze ngoma. "Mume wangu ameniacha katika nyumba hii," akasema. "Hapa ndipo nitakapomalizia siku zake." Tukamwuliza sheikh, nikitumaini ataniunga mkono. Sheikh akasema nyumba ya mwanamke ni pale alipoishi na mumewe, iwe na msingi au iwe na magurudumu, na akilazimika kuhama, basi ahame nayo. Mwenye uwanja alipotufukuza, ikabidi tuipeleke nyumba kwao Griftu, na mama akiwa ndani.

Kuna jambo moja zaidi la kujua kuhusu lori lile. Kati ya sehemu ya dereva na chumba cha nyuma kuna ukuta wa bati, na baba hakuacha desturi ya wataniboi, yaani utingo wa malori: ukigonga bodi mara moja, dereva asimame na angoje, ukigonga mara mbili, twende. Mama alikuwa amegonga bati hilo miaka yote ya ndoa yao. Sasa alimgongea Abdiqani.

Tulifika Garissa mchana, jua la kuchoma. Pale kwenye daraja la mto Tana askari mmoja wa kike alipanda nyuma, akamwona mama na nguo zake nyeupe, akashuka akasema, "Pole sana, mama," tukapita. Nikajidanganya kwamba sehemu ngumu ya safari imekwisha. Hatujafika katikati ya mji, mvuke ukaanza kutoka chini ya boneti.

"Ni paipu ya rejeta," Abdiqani akasema. "Imepasuka, sista. Hakuna stori, lazima nisake ingine."

Akaegesha mbele ya benki, karibu na soko la Mugdi, kwa sababu palikuwa na nafasi. Barabara nzima magari yamebanana, mikokoteni ya punda inasukumana na bodaboda, halafu mbele ya benki peupe kabisa. Mtu mwenye akili angejiuliza kwa nini. Abdiqani hakujiuliza, na mimi, kwa sababu ya joto na hasira, sikujiuliza pia.

Kitasa cha ndani cha mlango wa nyuma kilikuwa kimevunjika tangu Mwingi, mlango ukawa unajifungua wenyewe njiani. Kwa hiyo Abdiqani alikuwa akiufunga kwa kufuli nje. Akahakikisha kufuli, akatia ufunguo mfukoni, akarukia bodaboda kwenda kwa mafundi. "Dakika kidogo tu," akapiga kelele. Dakika kidogo za Abdiqani nazijua tangu utotoni.

Mama akasogeza pazia kidogo. "Tuko Garissa?"

"Ndiyo, hooyo. Karibu na Mugdi."

Akasema kwa Kisomali, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu msiba, sauti ya mtu anayetaka kitu. "Hinda, nenda ukaniangalie mji. Nililetwa hapa nikiwa bibi harusi. Kerrow aliniwekea nyumba ya kwanza nyuma ya soko hilo, upande wa mtoni. Palikuwa na miiba na mchanga, na mti mmoja mkubwa wa mgunga. Kaangalie kama pale pako, uje unieleze."

"Hooyo, jua hili?"

"Mimi siwezi kwenda. Wewe una miguu."

Watu walikuwa wakipita na kuchungulia, kwa hiyo nilimwachia chupa ya maji dirishani, nikamfungia mapazia na madirisha vizuri, nikaenda. Kusema kweli nilifurahi kuondoka. Wiki nyingi nilikuwa nimeishi kwa kunong'ona, na mji ulikuwa ukipiga kelele zake za kawaida: redio, punda, wauza simu, adhana ya adhuhuri iliyotoka msikiti huu na kujibiwa na ule.

Niliingia kwa wauza maziwa ya ngamia. Wanawake wamekaa mstari mrefu na madumu yao ya manjano. Nikainama kwenye dumu la mama mmoja mnene mwenye shungi la zambarau, nikanusa, nikasema moshi wa kufukizia dumu umezidi.

"Wewe ni wa Nairobi," akaniambia. Alinijibu kwa Kiswahili makusudi, ingawa nilikuwa nimesema Kisomali. "Huko mnakunywa maziwa ya bakiti, haina harufu, haina baba, haina mama. Wacha maziwa yangu!"

"Na wewe wacha kuunguza dumu," nikamjibu.

Wenzake wakacheka, mmoja akamwita, "Kaltun, leo umepata saizi yako." Nikaenda zangu nikiwa nimetabasamu, mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Ndani ya Mugdi, chini ya mapaa yaliyobanana hata mchana hauingii, nilinunua shuka jeupe la pamba, kwa sababu nguo za mama zilikuwa zimechakaa kwa kufuliwa kila siku. Ninauza vitambaa, nilijua mkononi tu kwamba ni pamba nzuri. Kisha nikatokea upande wa mtoni kutafuta nyumba ya kwanza ya mama.

Hapakuwa na mgunga. Palikuwa na ghorofa la rangi ya machungwa, chini maduka ya simu, juu kinyozi, na spika mlangoni inayotangaza kadi na chaja. Nilizunguka jengo lote nikitafuta hata kisiki. Nikasimama pale na shuka langu kwapani, na hasira zikanirudia, safari hii dhidi ya jengo. Nikaamua nitamdanganya. Nitamwambia mti upo, una kivuli, watoto wanacheza chini yake. Atajuaje?

Ndipo watu wakaanza kukimbia.

Hawakupiga kelele. Katika mji huu watu wanajua kukimbia bila kupiga kelele. Mabinti waliinua mabaibui, wenye maduka wakateremsha milango ya chuma, ile spika ikaachwa inaongea peke yake. Garissa imeshaona mabomu yake, na waliobaki wamejifunza kwamba maswali huulizwa baadaye. Mimi niliuliza. Nilimshika mwanamke mkono, akajibu huku akijinasua: "Lori. Mbele ya benki. Limefungwa kufuli na ndani kuna mtu."

Nikakimbia upande wanaotoka watu.

Askari walikuwa wamefunga barabara kwa utepe. Wengine wamejibanza nyuma ya gari lao, bunduki zimeelekezwa kwenye nyumba ya baba yangu. Lori limesimama peke yake juani, mapazia yangu yamefungwa, chini ya boneti maji ya rejeta yanadondoka bado. Sajini mmoja mrefu, shati limemganda mgongoni, alikuwa na kipaza sauti.

"Wewe uliye ndani! Toka nje, mikono juu!"

Kutoka ndani likasikika pigo moja kwenye bati. Askari wote wakainama. Mmoja, kijana, alishusha kichwa chake nyuma ya tairi, na nikaona kidole chake kiko kwenye kifyatulio. Mimi nilijua maana ya pigo lile. Mama alikuwa anawaambia wangoje.

"Toka nje nasema!"

"Siwesi toka!" Sauti ya mama, kwa Kiswahili chake cha sokoni. Ilikuwa nyembamba.

Sajini akateremsha kipaza sauti, akakiinua tena. "Nani anakuzuia?"

Nafikiri mama alikuwa akitafuta neno, kwa maana hakuzoea kujieleza kwa wanaume asiowajua, na katika eda ndio kabisa. "Bwana yangu!" akasema.

Nilimwona sajini akigeuka na kuongea kwenye redio. Niliyasikia maneno yake: kuna mwanamume ndani, amemshikilia mwanamke, mlango umefungwa. Nikapita chini ya utepe. Sikufika mbali, askari alinidaka mkono akaupinda nyuma.

"Ni mama yangu!" nikapiga kelele. "Hakuna mwanamume! Ni mama yangu, yuko eda!"

Sajini akaja. Alikuwa mtu wa bara, na uso wake haukuwa mbaya, ila alikuwa ameogopa, na mtu mwenye bunduki aliyeogopa ndiye ninayemwogopa mimi. "Yuko nini?"

Nikamweleza. Nilieleza vibaya, maneno yanagongana: mjane, miezi minne, nyumba, sheikh, magurudumu. Alinisikiliza huku macho yake yako kwenye lori.

"Madam, mimi sikatai dini ya mtu," akasema. "Lakini yeye mwenyewe amesema kuna bwana. Na kufuli iko nje. Mtu gani anamfungia mama yake kwa kufuli kwenye jua kama hili?"

Ukiliweka hivyo, hata mimi ningetulenga bunduki. "Kufuli ni ya ndugu yangu. Kitasa kimeharibika. Ufunguo anao yeye."

"Ndugu yako yuko wapi?"

Nikapiga simu ya Abdiqani. Haikupatikana. Nikapiga tena mbele ya sajini, nikampa aisikilize mwenyewe sauti ile ya kike inayosema mteja hapatikani. Akanirudishia simu. "Simu kama hiyo, mwenye gari hapatikani, ndiyo inafanya watu wangu waogope zaidi," akasema.

Mabati yalikuwa yanawaka. Upepo wa chumba kile unategemea madirisha, na madirisha niliyafunga mimi kwa mikono yangu. Ile chupa ya maji ilikuwa ndogo, na tangi la paani lilikuwa tupu tangu Nairobi. Nilimwambia sajini kwamba mama ana presha, na kwamba akikaa humo muda mrefu hakutakuwa na haja ya risasi. Akaipangusa shingo yake, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba na yeye ana wakubwa, na wakubwa wamesema mtu huyo akikataa kutoka, watavunja dirisha na kurusha gesi ya machozi ndani.

"Nampa dakika chache," akasema, akaniwekea kipaza sauti mkononi. "Mwambie atoke. Kwa lugha yenu."

Nikakishika. Mji mzima ulikuwa unasikiliza, wale waliojificha nyuma ya milango na wale waliokuwa juu ya mapaa.

"Hooyo," nikasema kwa Kisomali, "ni mimi Hinda. Kuna askari hapa. Toka. Mlango tutaufungua, wewe utoke tu kidogo, halafu urudi. Mungu anasamehe."

Akajibu, taratibu, bila kupaza. Ilibidi nijisogeze kumsikia.

"Hinda. Wewe unajua."

"Hooyo, watakupiga risasi!"

"Basi watanipiga nikiwa nyumbani kwangu."

Nilimchukia mama yangu wakati ule. Sioni haya kulisema. Nilimchukia kwa moyo wote, na wakati huohuo ningejilaza chini ya lori lile mtu yeyote asilikaribie. Nikamrudishia sajini kipaza sauti. Akaniuliza amesemaje. Nikamwambia, "Hatoki."

Akafumba macho kidogo. Ndipo bodaboda ikatokea upande wa pili, na juu yake mdogo wangu, ameinua paipu mpya nyeusi juu ya kichwa chake kwa furaha ya mtu aliyefanikiwa. Hakuona utepe mpaka alipoukata. Askari wanne walimwangusha pamoja na pikipiki na mwenye pikipiki. Paipu ikabingirika barabarani na kila mtu akaruka mbali nayo. Nilimsikia Abdiqani akilia uso ukiwa mchangani: "Ni ya rejeta! Wallahi ni ya rejeta!"

Ufunguo wakautoa mfukoni mwake. Sajini akaupima kiganjani.

"Sawa," akaniambia. "Sasa nakuamini nusu. Lakini sikiliza. Sitaingiza kijana wangu humo ndani na mtu mwingine akiwa ndani. Mama atoke kwanza, tupekue, arudi. Hiyo siwezi kubadilisha."

"Na yeye hawezi kutoka nyumbani kwake."

"Basi tumefika mwisho, madam."

Tulikuwa tumefika kweli. Nilikaa chini mchangani, shuka jeupe limenianguka mapajani. Sikujua kama mtu ananiangalia.

"Nani amefiwa?"

Niliinua kichwa. Kaltun, yule wa maziwa, amesimama upande wa pili wa utepe, mikono kiunoni, anaangalia shuka langu. Nikamwambia. Nilitumia maneno machache: mama yangu, asay, nyumba yao ni lile lori, wanataka atoke. Hakuhitaji zaidi. Aligeuka akaita majina, Sahra, Ruqiya, na mengine sikuyashika, akainua utepe kama anayeinua kamba ya nguo, akapita. Askari aliyejaribu kumzuia alisukumwa kwa kifua.

"Afisa!" akamwita sajini. "Wewe sikia. Hii mama hawesi toka nyumba. Hiyo ni haramu kwake. Wewe unataka lori iwe tubu, haina mtu, si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Basi sisi tunajenga nyumba ingine hapa nje. Yeye natoka nyumba, naingia nyumba. Wewe natafuta bomu yako."

Sajini akamtazama. "Mnajenga na nini?"

"Uliza mama yako kama nyumba najengwa na bolisi!" Wenzake wakaguna. "Kwetu nyumba ni kasi ya wanawake. Mwanaume nabakia ngamia tu."

Ni kweli. Wazee wetu walipohama, wanaume walifunga ngamia na wanawake walisimamisha nyumba: vijiti, mikeka, nguo, kabla jua halijazama. Mimi nilizaliwa mjini na sijawahi kusimamisha hata kijiti kimoja. Nikawaona wakitoka Mugdi na vichochoro vyake, mmoja mmoja, kisha kwa makundi: wauza maziwa, wauza miraa, wasichana wa duka la vipodozi. Walibeba mikeka, shuka za kitanda, leso, na vitambaa vizima ambavyo havijakatwa, vingine bado na karatasi ya bei.

"Kina mama, ni hatari!" sajini akapaza sauti. "Mkikaribia sitawajibika!"

"Kama ni bomu, itatuua na yeye pamoja," Kaltun akajibu. "Wewe simama huko na bunduki yako."

Wakajipanga kuanzia mlango wa nyuma wa lori, mistari miwili iliyokutana mwishoni, kila mmoja ameinua nguo hadi juu ya kichwa chake. Wote wamelielekezea lori migongo. Hakuna aliyeangalia ndani. Katikati pakabaki chumba, si kikubwa kuliko jiko langu, chenye kuta za maua na mistari na rangi zote za soko, na mchanga wa Garissa kuwa sakafu yake.

Sajini alinitupia ufunguo. Nafikiri hakujua afanye nini kingine.

Kufuli ilinishinda mara ya kwanza. Mlango ulipofunguka, joto likanipiga usoni. Mama alikuwa amekaa chini karibu na kitanda, tasbihi mkononi, nguo zake nyeupe zimelowa, midomo imekauka. Chupa ya maji ilikuwa tupu. Hakushangaa kuniona.

"Kuta ziko?" akauliza.

"Ziko, hooyo."

"Na paa?"

Paa hatukulifikiria. Nikakunjua shuka langu jipya, nikaliinua kwa mikono yote miwili juu ya kichwa chake. Akalitazama, akaligusa pembe kwa vidole kama mteja. Kisha akashuka, mguu mmoja, wa pili, akakanyaga mchanga.

Ukuta ukasogea nasi hatua chache, ukajifunga upande wa mlango, askari wakaingia ndani. Tuliwasikia: buti kwenye mbao, sufuria zikianguka, droo zikivutwa. Ruqiya alipenyeza kikombe cha maji nyuma yake bila kugeuka. Mama akaketi, akanywa, akamaliza, akapumua. Mimi nilibaki nimesimama, mikono juu, shuka linatikisika.

"Umepaona pale?" akaniuliza.

Uongo wangu niliuandaa vizuri, na mti wake, na kivuli chake, na watoto. Haukutoka. "Wamejenga ghorofa, hooyo. Wanauza simu. Mgunga haupo."

Akaitikia kwa kichwa. Alikuwa akitazama kuta zake, nguo moja baada ya nyingine, na mikono iliyozishika ambayo ilikuwa imeanza kuchoka.

"Siku ile tuliyofika mikeka yangu ilikuwa bado njiani," akasema. "Kerrow alikuwa na aibu, nyumba hana. Wanawake wa hapa wakatoka na nguo zao, wakasimama hivihivi, mpaka mikeka ikafika." Akagusa mchanga. "Nilikutuma mbali bure."

Sikuwa nimelia tangu hospitalini. Nililia pale, mikono juu, siwezi hata kujifuta, na kamasi juu.

Ndipo sauti ikatoka ndani ya lori, kali. "Sajini! Kuna viatu vya mwanamume humu! Chini ya kitanda. Vimepigwa rangi leo!"

Nikasikia bunduki zikiinuliwa upande wa pili wa nguo. Ukuta wetu ukayumba. Msichana mmoja alianza kusoma dua kwa sauti. Sajini akapiga kelele, si kwa kipaza sauti tena. "Mama! Huyo bwana yuko wapi? Umesema kuna bwana. Yuko wapi?"

Nilifungua kinywa. Mama alinishika mguu, akanizuia. Akasimama, mdogo kuliko nilivyomzoea, akauelekeza uso wake kwenye nguo ya maua iliyokuwa mbele yake, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi akapaza sauti yake mbele ya wanaume.

"Bwana yangu amekufa," akasema. "Fiatu ni fyake. Mimi nabiga rangi kila siku, kwa sababu yeye alibenda fiatu safi. Yeye hana mtu ingine ya kulinda nyumba yake. Nikitoka, nani atabaki?"

Kaltun alikuwa ameinamisha kichwa chake chenye shungi la zambarau kwenye mkono wake, na nguo yake haikushuka hata kidogo.

Baada ya muda tulisikia buti zikishuka, polepole. Kivuli cha sajini kikasimama nyuma ya nguo ya maua na hakikusogea karibu zaidi. "Pole, mama," kikasema. "Tumemaliza. Nyumba yako iko sawa."

Ukuta ukarudi mlangoni, mama akapanda ndani. Nilifuata nyuma na shuka langu mpaka alipokuwa chini ya paa lake mwenyewe. Sufuria zilikuwa sakafuni, godoro limepinduliwa, alama za buti zimejaa juu ya mkeka wake wa kusalia. Lakini viatu vya baba vilikuwa vimerudishwa chini ya kitanda, kimoja kando ya kingine. Mama alipiga magoti, akavigeuza kidogo ili vielekee mlangoni, kama vilivyokaa siku zote. Mimi nilifungua mapazia yote mawili.

Nje, wanawake walishusha nguo zao, wakazikung'uta vumbi, wakazikunja. Abdiqani alifunga paipu yake midomo ikiwa imevimba, huku yule askari kijana akimshikia boneti. Kaltun alinipa dumu dogo la maziwa, akakataa kuambiwa asante. "Ina moshi," akasema. "Utakunywa tu."

Nikapanda mbele. Abdiqani aliwasha injini, akaweka mikono kwenye usukani, akangoja. Mimi pia nilingoja, maana nyumba ile haikuwa yetu kuiondoa. Kisha nyuma yetu, kwenye bati, mama akagonga mara mbili.